Kuku Wagumu ni Wale Waliobaki

Mazungumzo ya leo ni ya kuku wa nyumbani, wale wanaofunguliwa alfajiri, wakashinda wakichakura nyuma ya jiko na chini ya migomba, na magharibi wakarudi wenyewe kugombea nafasi kichanjani. Kuna kauli moja inayowafuata kila waendako. Utaisikia Singida, utaisikia Mbagala, na ukivuka mpaka utaisikia Kitui na Kakamega: kuku wa kienyeji ni mgumu. Hana gharama, anajitafutia, haumwi ovyo kama wale wa kisasa. Husemwa kwa fahari, na upo ukweli ndani yake ambao sitaupuuza. Ila kwa jinsi tunavyoitumia, kauli hii imekuwa ruhusa ya kutompa kuku chochote, na msingi wake ni kosa la hesabu. Tunawahesabu waliobaki, tunawaita wagumu, na hatuulizi waliokufa walikuwa kuku wa namna gani.

Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Mtetea wa kienyeji anayezurura hutaga mayai 10 hadi 15, kisha hulalia, hulea, halafu huanza upya. Kwa mwaka hupata mizunguko mitatu hivi. Tumchukue mmoja aliyelalia mayai 12 akaangua vifaranga 10, jambo la kawaida kabisa. Tafiti za ufugaji wa vijijini barani Afrika zimeonyesha mara kwa mara kwamba nusu ya vifaranga, na mahali pengine zaidi ya nusu, hufa kabla ya kutimiza wiki nane. Kwa hiyo kati ya wale 10 wanabaki wanne au watano. Hata kwa hasara hiyo, mizunguko mitatu ingekuachia kuku 12 au zaidi kila mwaka kutoka kwa mama mmoja, na mwenye mitetea watano angepata 60. Sasa nenda kwenye ua wa mtu huyo baada ya miaka mitatu. Utakuta mitetea watano na jogoo mmoja, pengine jogoo tu ndiye aliyebadilika. Wachache walichinjiwa wageni, wachache waliuzwa ada za shule zilipobana. Wengine walikwenda wapi? Walikufa. Ama walikufa mmoja mmoja, kifaranga leo na kifaranga kesho, ama wote kwa wiki moja ya ugonjwa wa mdondo, na hakuna aliyeandika popote. Yule aliyesimama uani akichakura ndiye anayeonyeshwa kwa jirani kuwa ushahidi.

Nimesema upo ukweli, na upewe haki yake. Kuku wetu wana sifa ambazo kuku wa mayai wa kibandani hana. Mtetea hulalia mayai yake na kulea, hahitaji umeme wala mashine. Kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, hupoteza joto kwa urahisi na hustahimili jua kuliko wengi. Koo mwenye vifaranga akimwona mwewe hutoa sauti ambayo watoto wote huijua, na kufumba na kufumbua wako chini ya kichaka. Hizo ni sifa za kweli, zimejengeka vizazi kwa vizazi. Lakini sifa ya kustahimili jua haimpi kuku protini, na sifa ya kumkimbia mwewe haimkingi na kirusi. Tunapolitumia neno moja, ugumu, kwa mambo hayo yote, tunaanza kumdai kuku kitu ambacho hakuumbwa nacho.

Tuanze na chakula, kwa maana hapo ndipo kauli ya "anajitafutia" inapopata nguvu. Anajitafutia, sawa, anapata nini? Swali hili limewahi kujibiwa kwa njia ya moja kwa moja. Kuku akila, chakula hukaa kwanza kwenye mfuko ulio chini ya shingo kabla ya kushuka kwenye firigisi. Watafiti katika nchi mbalimbali, na hapa kwetu Morogoro, wamewachinja kuku wanaozurura, wakaupasua mfuko huo na kupima kilichomo. Humo hukutwa mabaki ya jikoni, punje, pumba, majani, wadudu, mchanga. Majibu yanafanana: mlo hubadilika sana kwa msimu, na kwa kuku anayetakiwa kutaga vizuri au kukua haraka, protini na madini ya kalsiamu huwa pungufu. Mvua ikinyesha kuna kumbikumbi, panzi, nyungunyungu na majani mabichi. Kiangazi kikikaza, wadudu hutoweka, nyasi hukauka, na kuku hubaki na pumba na ukoko wa ugali. Ganda la yai moja tu lina kama gramu mbili za kalsiamu. Asipoipata kwenye chakula, mtetea huichota kwenye mifupa yake mwenyewe, hutaga mayai yenye ganda laini, au huacha kutaga. Mwenye kuku husema kuku "amepumzika".

Zaidi ya hapo, ua una kiasi chake. Mabaki ya kaya ya watu sita hayaongezeki kwa sababu vifaranga wameongezeka, na wadudu wa ua huo vilevile. Kuku 10 wakigawana chakula cha 10 watashiba. Wakifika 30 kwenye ua uleule kila mmoja anapata theluthi. Wanaodhoofika kwanza ni wadogo, kwa sababu ukimwaga pumba chini, jogoo hufika wa kwanza, mitetea hufuata, na kifaranga hufukuzwa kwa kudonolewa kichwani. Hivyo kundi hurudi kwenye idadi ambayo ua unaweza kuilisha, na kifo ndicho kinachofanya kazi ya kupunguza. Na huko mijini, kwenye nyumba ambayo ua wote umepigwa sakafu na takataka huchukuliwa na gari, neno kujitafutia halina maana yoyote.

Njaa hii ina ujanja wake, msikilizaji. Mara nyingi haionekani kama njaa, huonekana kama ugonjwa. Mfano mashuhuri kuliko yote ulitokea Batavia, ambayo leo ni Jakarta, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu kinacholeta beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiwalemaza askari na wafungwa. Kuku wake wa maabara wakaanza kulegea miguu na kuanguka, hata wale ambao hawakuwa wamedungwa chochote. Kisha, bila dawa, wakapona. Alipofuatilia aligundua kwamba kwa muda fulani walikuwa wakilishwa wali mweupe uliosalia jikoni kwa hospitali ya jeshi. Alipokuja mpishi mpya, akakataa wali wa jeshi kupewa kuku wa kiraia, na kuku wakarudishiwa mchele usiokobolewa. Ganda jembamba la mchele, lile tunaloliita pumba, ndilo lililokuwa na kitu walichokikosa, ambacho baadaye kiliitwa vitamini B1. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929, na naona yule mpishi mbishi alistahili walau barua ya shukrani.

Huku kwetu upo mfano wa karibu zaidi. Sisi ni watu wa mahindi meupe, na pumba tunazowapa kuku ni za mahindi hayohayo. Mahindi ya njano yana rangi ambayo mwili wa kuku huigeuza kuwa vitamini A; meupe hayana. Kuku anayezurura kwenye majani mabichi huipata huko, na hapati shida. Mfungie sasa kwenye banda miezi mitatu, labda kwa sababu ya bustani ya jirani, umpe pumba na maji tu. Macho huanza kutoa machozi, kope hugandana, na ukizifungua unakuta uchafu mweupe kama jibini iliyokatika. Mwenye kuku husema ni mafua, hukimbilia duka la dawa za mifugo, hununua unga wa oksitetrasaiklini na kuukoroga kwenye maji kwa kukadiria. Siku tano, hakuna nafuu. Sisemi kila jicho lililovimba ni upungufu wa vitamini; mafua ya kuku yapo, huenea kwa kasi kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na yanataka tiba. Ninachosema ni kwamba kifungu cha mchicha, majani ya mlonge au ya mpapai kwa kila siku kingezuia ile hali ya kwanza isitokee kabisa, wakati dawa ilikuwa ikipotea bure na mabaki yake yakiingia kwenye mayai tunayokula.

Hapa huja pingamizi la kwanza, na ni pingamizi zito: chakula ni ghali. Ukimlisha kuku wa kienyeji chakula cha dukani kama kuku wa mayai, anayekula gramu 110 au 120 kwa siku, utapata hasara, kwa sababu kuku wa kienyeji hatagi mayai 300 kwa mwaka. Wanaosema hivyo wako sahihi. Kosa lao ni kudhani kwamba njia ni mbili tu, kumlisha kila kitu au kutompa kitu. Mtetea mzima anayezurura anahitaji nyongeza ya jioni tu, konzi ya gramu 30 hadi 50, yenye kile ambacho ua hauna: mashudu kidogo, vichwa vya dagaa vilivyopondwa, maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa. Walio pwani wana makombe ya baharini bure. Yakipondwa ni kalsiamu tosha. Na zipo mbinu za zamani za kupata protini bila senti. Chungu kikuukuu hujazwa mabua na samadi kavu, hunyunyiziwa maji, kikageuzwa kifudifudi juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi kinafunuliwa mbele ya vifaranga kikiwa na mchwa, na wanaojua kugombania ni wao.

Kwa kweli kama fedha ni kidogo, zote ziende kwa vifaranga wa mwezi wa kwanza. Huko ndiko hasara ilipo, na huko ndiko chakula ni rahisi kuliko mahali popote. Kifaranga katika wiki nne za mwanzo hula kama nusu kilo tu. Chukua unga wa dona kilo 6 na nusu, mashudu ya alizeti yaliyochekechwa kilo 2, dagaa wasio wa chumvi waliosagwa kilo 1 na robo, unga wa mifupa robo kilo, na vijiko viwili vya chai vya chumvi. Hizo ni kilo 10, zenye protini karibu asilimia 18, na ukiongeza majani mabichi yaliyokatwakatwa zinawatosha vifaranga 20 kwa mwezi mzima. Ukitaka kununua cha dukani, nunua cha vifaranga. Chakula cha kuku wanaotaga usiwape, kwa sababu kalsiamu yake nyingi huharibu figo za wadogo. Piga sasa bei ya kilo 10 hizo katika soko lako, uilinganishe na bei ya jogoo mmoja wa kienyeji sokoni hapohapo. Kati ya vifaranga 20, desturi ingekunyang'anya 10. Ukiwaokoa watatu, umerudisha gharama na zaidi.

Lakini chakula hicho kikimwagwa chini kitaliwa na jogoo. Kwa hiyo panahitajika tenga, lile la kubebea nyanya au kuku, lililofumwa kwa nafasi za kupita kifaranga na kumzuia mkubwa. Linafunikwa chini, chakula na maji vinakaa ndani, watoto wanaingia na kutoka, na wakubwa wanazunguka nje wakichungulia. Maji yawe kwenye kisahani chenye vijiwe ili wadogo wasizame, yakae kivulini, yabadilishwe kila siku. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa anachokula, na joto likizidi hunywa zaidi. Wengi wanaofikia hatua ya kuhesabu mashudu husahau kabisa sufuria iliyokauka juani tangu saa nne.

Kuna watakaosema kwamba vifaranga huuawa na mwewe, kicheche, nguchiro na paka wa jirani, na kwamba shibe haimzuii mwewe. Nalikubali nusu. Mwewe yupo. Lakini tazama ni kifaranga yupi anayenyakuliwa: yule aliyebaki nyuma, mnyonge, aliyeshindwa kukimbilia kichakani mama alipoita. Na tazama ni wapi: mbali na nyumba, ambako koo aliwapeleka kwa sababu karibu na nyumba hakukuwa na kitu. Koo anayejua kwamba chakula kiko chini ya mwembe hatembezi watoto wa siku tano mpaka bondeni. Ukiwafungia yeye na watoto wiki tatu au nne za mwanzo, ukawalisha humo, mwewe hupungukiwa sana, na mama hurudi kutaga mapema.

Sasa tufike kwenye mdondo, wengine huuita kideri, ugonjwa ambao kwa Kiingereza ulipewa jina la mji wa Newcastle baada ya kutambuliwa huko miaka ya 1920. Huu hauna tiba. Kuku hushusha mbawa, hujikunyata, huhara kijani, huhema kwa shida, wengine shingo hupinda, na kwenye kundi lisilochanjwa unaweza kuwabeba karibu wote. Huzuka wakati wowote wa mwaka, lakini nchini Tanzania milipuko mingi huonekana miezi ya kiangazi, ile ile ambayo ua umekauka na kuku wamekonda. Na hapa kauli ya ugumu huumbuka kabisa, maana kirusi hakiulizi kama kuku ni kuchi, kishingo, kuroila au saso. Huenea kwa miguu yetu, kwa matenga ya wachuuzi, kwa manyoya na matumbo ya kuku aliyechinjwa na kutupwa jalalani. Zaidi ya yote, huenea kwa hofu. Kuku wawili wakifa, mwenye nyumba huwakusanya waliobaki usiku, na alfajiri yuko mnadani akiwauza kwa bei ya kutupa. Mnunuzi anafurahia bei, anapanda basi, na mdondo unashuka naye kijiji kingine. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba hiyo ingefaa zaidi kama ingemfunga wiki mbili mbali na wenyeji wake.

Kinga ipo, na ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Shida ya chanjo za zamani ilikuwa baridi: zilitaka jokofu kutoka kiwandani mpaka kwa kuku, na vijiji vingi havina jokofu. Ndipo huko Australia ikatengenezwa chanjo iitwayo I-2, inayostahimili joto kiasi cha kusafirishwa mpaka kijijini bila kuharibika haraka, na leo hutengenezwa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA. Bado inatakiwa kukaa kivulini, imefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, lakini haitaki sanduku la barafu kila hatua. Kazi yenyewe hufanywa asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa. Mmoja anamshika kuku ubavuni, amemlaza kichwa upande, jicho likitazama juu. Mwingine anakishika kichupa wima, tone moja linadondoka kwenye jicho, na kuku haachiwi mpaka amepepesa na tone limetandaa. Kifaranga na jogoo hupewa tone lilelile moja. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu kinga hupungua, na kwa sababu katika miezi hiyo wameanguliwa wengine ambao hawajawahi kuchanjwa.

"Nilichanja, wakafa." Pingamizi hili nalisikia kuwa ni zito kuliko la gharama, kwa maana limetoka kwa mtu aliyejaribu. Mara nyingi jibu liko kwenye tarehe. Kinga huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kujengeka. Anayechanja baada ya jirani kupoteza kuku anawachanja kuku ambao tayari wamebeba kirusi. Mara nyingine aliyechanja alifanya hivyo mara moja, mwaka juzi. Wengine hutumia chanjo ya maji, wakaikoroga kwenye maji ya bomba yenye klorini, na klorini ikaiua kabla haijafika kwa kuku. Na wapo waliochanjia mdondo, kuku wakafa kwa ndui au taifodi, ambazo kila moja ina kinga yake. Ila ipo sababu nyingine isiyotajwa sana, nayo inaturudisha kwenye chakula. Chanjo haimkingi kuku yenyewe; huufundisha mwili wake kujikinga, na mwili huo hujenga kinga kwa protini na vitamini. Kuku aliyekonda, mwenye minyoo tele, hupokea somo hilo vibaya.

Anayelipokea vibaya zaidi ni kuku anayelishwa ukungu. Ni desturi yetu kutenga mahindi mazuri kwa ajili ya watu, na yaliyoota ukungu tukasema, "wapeni kuku." Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeujua, mpaka ilipogundulika kwamba walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yenye sumu ya ukungu. Sumu hiyo ndiyo sumukuvu, ileile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, na iliyoua tena watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuku akipewa kidogo kidogo hafi papo hapo. Ini lake huharibika, hukua polepole, na kinga yake hudhoofika hata chanjo isimshike vizuri. Sehemu ya sumu hubaki kwenye ini na huweza kupita kwenye yai, kwa hiyo yale mahindi tuliyowaepusha watoto yanawafikia kwa mlango wa nyuma. Mahindi yenye ukungu yafukiwe au yachomwe.

Bado wapo wanaotegemea mshubiri na pilipili kwenye maji, na sitaki kuwadharau, kwa sababu mitishamba mingine inafaa kwa mambo mengine. Majivu ya kuni penye shimo la kujigaragaza husaidia dhidi ya chawa na utitiri. Kwa mdondo, hata hivyo, ushahidi unaotolewa ni kosa lilelile la hesabu. Mtu ana kuku 20, mdondo unaingia, anawapa mshubiri wote, wanabaki watatu. Hao watatu ndio wanaotembezwa kuonyesha kwamba mshubiri ni dawa. Lakini hata kwenye kundi lisilopewa kitu, wawili watatu huweza kupona. Ili kujua dawa imefanya kazi, ungehitaji kundi jingine la karibu ambalo halikupewa, ulinganishe. Chanjo imepimwa kwa njia hiyo. Mshubiri hupimwa kwa simulizi.

Sitashangaa kama msikilizaji mmoja anauliza ladha je, kuku wa kulishwa si atakuwa wa kisasa? Hapana. Utamu wa kuku wa kienyeji unatokana na umri wake na kutembea kwake kutwa, na konzi ya mashudu jioni haimzuii kutembea.

Jambo ambalo ningependa lifike kwa maafisa mifugo pia ni hili: kampeni ya chanjo peke yake huacha kazi nusu. Ukiwakinga vifaranga 30 na mdondo kwenye ua wenye chakula cha 10, umeongeza midomo, na njaa itachukua nafasi ya kirusi. Mfugaji ataona idadi ileile mwisho wa mwaka na kusema chanjo haisaidii. Kadhalika anayewalisha vizuri bila kuchanja anawanenepesha kwa ajili ya mdondo. Anayefanya vyote viwili bila kuuza wala kula hufikia mahali ua unamshinda. Kwa hiyo chanjo, chakula cha vifaranga, na kuwapunguza majogoo wa ziada kabla ya kiangazi vipangwe pamoja, kwenye karatasi moja, na mtu huyohuyo wa nyumbani, ambaye mara nyingi ni mama mwenye nyumba, ndiye aelezwe. Mikutano ya ugani inayoita wanaume peke yao huzungumza na watu ambao hawajui banda lina vifaranga wangapi.

Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku zaidi ya 100, na hapo ndipo mwenye kuku wanane hukata tamaa, akiona ananunua dawa ya kumwaga. Asinunue peke yake. Kaya 10 za mtaa mmoja zinaweza kuchangia kichupa, zikakubaliana asubuhi moja, mmoja wao akafundishwa na afisa mifugo wa kata namna ya kudondosha tone, akapita nyumba hadi nyumba kabla kuku hawajafunguliwa. Faida ni kubwa kuliko akiba ya fedha, kwa sababu kuku wa mtaa huchanganyika, na ua mmoja usiochanjwa huhatarisha nyua zote. Msikilizaji, zungumza na majirani zako wiki hii, na siku mtakayoichagua iwe kabla ya mwezi Juni.